Bandia, Pepe na Saidizi: Uhakiki wa Istilahi Tatu

Tangu mwaka 2017, Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi nchini Rwanda, mwalimu wa Gisenyi amekuwa na wajibu mpya. Mji wake, ulio katika Wilaya ya Rubavu kando ya Ziwa Kivu, unapakana na Goma, na Kiswahili cha sokoni na mpakani si kigeni huko. Lakini Kiswahili cha darasani hakina budi kubeba pia mambo ya sayansi, na kwa mwanafunzi aliyelelewa kwa Kinyarwanda, mara nyingi istilahi hutangulia kitu chenyewe. Yafaa basi tuzipime istilahi tatu zitumikazo katika habari za vifaa vya watu wenye ulemavu na za ulimwengu unaoundwa na kompyuta: "bandia", "pepe" na "saidizi".

Tuanze na "bandia". Mtoto wa bandia ni mwanasesere wa kuchezea, na katika maana hiyo ya kale hamna ubaya wowote. Lakini siku hizi noti bandia humpeleka mtu kifungoni, na dawa bandia huua. Kisha twasema "mkono wa bandia". Je, mkono huo unamdanganya nani? Mkono wa aina moja iliyozoeleka huungwa na mkanda wa begani; mwenyewe akisogeza bega, waya huvutika na ndoano ikafunguka. Nguvu yote ni ya mwili wake. Mtu akivaa miwani hatusemi kwamba ana macho ya bandia. Mzee naye ana mkongojo, jina lililotokana na kukongoja: lugha imekitaja kifaa kwa mwendo wa mwenye kukitumia. Huo ni ustadi wa wahenga ambao waundaji wa istilahi wangalifanya vema kuufuata.

Gisenyi yenyewe inatupa kipimo. Mwaka 1998, Frederick Ndabaramiye, kijana aliyekuwa safarini, alikatwa mikono yote miwili na waasi waliolisimamisha basi alilopanda. Walikuwa wamemwamuru awaue abiria wenzake, naye akakataa. Alilelewa katika kituo cha yatima cha Imbabazi, kilichoanzishwa na Rosamond Carr mwaka 1994, akajifunza upya kuandika na kuchora. Baadaye yeye na Zacharie Dusingizimana wakaanzisha mjini Gisenyi kituo cha watu wenye ulemavu kiitwacho Ubumwe, yaani umoja. Kisa chake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 2014, katika kitabu alichoandika pamoja na Amy Parker. Mwanafunzi wa mji huo aliyepoteza kiungo, akisikia asubuhi somo la noti bandia na mchana habari za mkono wa bandia, atajiweka upande gani wa maneno hayo?

"Pepe" ina tatizo la namna nyingine. Pepe ni punje isiyo na kiini, ile ipeperukayo ungo unapopepetwa. "Uhalisia pepe", basi, ni uhalisia mtupu. Lakini watafiti hawaoni hivyo. Mwaka 1994 Paul Milgram na Fumio Kishino waliuchora uhusiano huu kama mstari mmoja: mwanzo wake ni ulimwengu halisi, mwisho wake ni ulimwengu ulioundwa wote na kompyuta, na katikati ni mchanganyiko, ambao twauita uhalisia mseto. Hakuna mpaka mkali kati ya kweli na uongo.

Tena kuna maumivu ya kiungo kilichokatwa. Mkono haupo, lakini mtu anauhisi ukiuma. Katika miaka ya 1990 V. S. Ramachandran alitumia kioo kuonyesha taswira ya mkono uliobaki mahali pa ule uliokosekana. Baadhi ya wagonjwa walipata nafuu walipouona ukikunjuka. Watafiti waliofuata wamejaribu jambo hilohilo kwa miwani ya kompyuta. Kama taswira inaweza kutuliza maumivu ya kweli, punje hiyo haikosi kiini.

Ama "saidizi", iliyo katika "teknolojia saidizi", yaweza kulaumiwa kwamba inamfanya mtu aonekane wa kusaidiwa tu. Lakini sisi walimu tunayo hoja ya kuitetea, nayo imo katika sarufi. Tusemapo "alikuwa anachora", "alikuwa" ni kitenzi kisaidizi, na "anachora" ndicho kitenzi kikuu. Kisaidizi hakimfanyi mtenda kuwa mnyonge. Humwekea tu wakati na nafasi ya kutenda. Kifaa ni kisaidizi, na mtu ndiye mkuu.

Yupo atakayepinga kwamba maneno huchakaa, na kwamba hakuna apokeaye barua pepe akadhani ni tupu. Ni kweli, na kwa sababu hiyo sitaki "pepe" ing'olewe. Imekwisha kuota mizizi. Yatosha mwalimu aifafanue, na aonyeshe ule mstari wa mwaka 1994. Lakini "bandia" haijachakaa. Makali yake yangali katika magazeti ya kila siku, nayo humkata mtu katika mwili wake. Napendekeza tuseme "mkono wa kuunda" na "mguu wa kuunda". Kuunda ni kazi ya fundi wa jahazi, na hakuna aliyewahi kuliita jahazi bandia kwa kuwa halikuota msituni.