Mzunguko wa Mwisho

Udongo wa Runyenjes ni mwekundu kama tofali. Mvua ikinyesha unagandamana kwenye viatu, jua likiwaka unapanda hewani kila pikipiki inapopita, na kufikia jioni umeshaingia kwenye nywele, kwenye nguo na kwenye majani ya migomba kando ya barabara. Katika nchi ya udongo huo shangazi yangu, ambaye sote tunamwita Tata, ana sebule ya rangi ya krimu yenye taraza za dhahabu. Makochi ni krimu, mapazia ni krimu, na juu ya kila mgongo wa kochi na kila mkono wake kimelazwa kitambaa alichokifuma mwenyewe.

Nimeketi kwenye sebule nyingi kati ya Embu na Meru, za Chuka, za Chogoria, za Nkubu, na rangi hizi mbili nimezikuta tena na tena. Ukuta hupakwa rangi kwa siku moja na pazia hununuliwa likiwa tayari. Hayo nayapita. Kinachonishika ni vitambaa.

Hebu tuhesabu. Seti ya watu saba, yaani kochi la watatu, la wawili, na viti viwili vya mtu mmoja mmoja, inataka vitambaa saba vya mgongo na vinane vya mikono. Ongeza kikubwa cha meza ya katikati na vile vidogo vya stuli. Vyote lazima vitoke mkono mmoja, kwa sababu kila mfumaji ana namna yake ya kukaza uzi, na ukivilaza sebuleni jicho linaiona tofauti mara moja.

Kazi huanzia dukani. Tata hushuka Embu mjini kununua uzi wa pamba, na hununua wote siku moja. Uzi hutiwa rangi kwa mikupuo, na krimu ya mkupuo huu haifanani kabisa na ya mkupuo ujao: moja inaelekea maziwa, nyingine inaelekea siagi. Ndani ya duka, chini ya taa, zinaonekana ndugu. Kwa hiyo huomba ruhusa, akatoka na mabunda mawili mpaka mlangoni, akayashika juani sambamba na kuyageuza. Nimeona wauzaji wakimsubiri kwa heshima, kama anayesubiriwa amalize kusali.

Halafu anakaa dirishani na sindano yake ya ndoana. Anafuma vitanzi sita, anaviunga kuwa pete, na kutoka kwenye pete hiyo kitambaa kinakua mzunguko baada ya mzunguko. Pambo analolipenda ni nanasi. Hulianza kwa kusimamisha nguzo nyingi za uzi ndani ya kitundu kimoja, zikafunguka kama upepeo. Mzunguko unaofuata anatandaza vitanzi juu ya nguzo hizo, tuseme kumi; unaofuata tisa, kisha nane, pambo likizidi kuchongoka mpaka kinabaki kitanzi kimoja kileleni. Wakati huohuo, pembeni mwa nanasi lazima aongeze, maana duara linapanuka kila linapozunguka. Akiongeza kidogo mno, kitambaa kinajikunja kama bakuli. Akizidisha, kinapiga mawimbi. Hana karatasi ya mchoro. Anahesabu kwa midomo bila sauti, na nimejifunza kutomsemesha midomo hiyo ikicheza.

Kitambaa cha mgongo wa kiti kimetoka mbali. Katika karne ya 19 wanaume wa Uingereza walipaka nywele mafuta yaliyoitwa Macassar, jina lililotokana na bandari ya Makassar katika kisiwa cha Sulawesi, Indonesia. Mafuta yaliharibu viti, na akina mama wakaanza kuvifunika migongo. Kufuma kwa ndoana nako kulipata nguvu Ireland wakati wa njaa kuu ya miaka ya 1840, wanawake walipofuma lesi wapate cha kununulia chakula, wengi wakifunzwa na watawa. Huku kwetu ufundi wa uzi na sindano ulipitia misheni na shule za wasichana, kisha vikundi vya Maendeleo ya Wanawake, shirika lililoanzishwa mwaka 1952. Mama yake Tata alijifunzia kikundini, na Tata akajifunzia magotini pa mama yake. Viti vyenyewe bado vinahitaji kulindwa: wageni huja na mafuta kichwani na vumbi mabegani.

Sokoni siku hizi kuna vitambaa vya mashine, vya bei nafuu na vya kupendeza ukivitazama kwa mbali. Sitavibeza, vimepamba nyumba nyingi. Lakini kroshia halisi, yaani ufumaji huu wa ndoana, mpaka leo hufumwa kwa mkono. Mashine hufuma kwa mfumo mwingine na kuiga sura yake. Ukilaza kidole juu ya nanasi la Tata unasikia kila nguzo imesimama peke yake.

Kufua ni nusu ya ufundi huu. Wekundu wa udongo wetu ni kutu ya chuma, iliyotokana na mawe ya volkeno ya Mlima Kenya, na kutu haiogopi sabuni. Kwa hiyo Tata hukung'uta kwanza, kitambaa kikiwa kikavu, kwa sababu vumbi likilowa hunywea ndani ya uzi. Doa likibaki analipaka limau taratibu kwa ncha ya kidole, anasuuza mara tatu, anaanika kivulini. Bluu ya kufulia, ile inayong'arisha shati la shule, haikaribii beseni lake. Kazi ya bluu ni kuifuta njano, na krimu bila njano yake hubaki rangi ya majivu.

Mwisho huchovya kitambaa kwenye maji mazito yaliyochemshiwa mchele wa Mwea. Wanga unashika nyuzi na ukikauka unazisimamisha. Kabla hakijakauka anakitandaza juu ya shuka kitandani, anavuta kila ncha na kuichoma pini, ncha kwa ncha, mpaka duara liwe duara.

Sasa dhahabu, ile ya taraza zinazozunguka vitambaa. Uzi wake wa kumetameta ni utepe mwembamba mno wa plastiki uliopakwa utando wa alumini na kutiwa rangi. Unakwaruza vidole, unajisokota, na joto hauliwezi. Nalijua hilo kwa sababu nikiwa darasa la saba nilitaka kumsaidia, nikapitisha pasi ya makaa juu ya kitambaa cha meza. Taraza ilinywea na kukunjamana huku nikiitazama. Nilimpelekea nikilia.

Alikipokea, akakigeuza, akatafuta fundo la mwisho, akalikata kwa ncha ya mkasi. Kisha akavuta. Dhahabu yote ikafumuka kwa uzi mmoja, kitanzi baada ya kitanzi, kuzunguka meza nzima, na krimu ikabaki nzima.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hairuhusu dhahabu katikati ya pambo, hata majirani wanapomwomba. Kroshia hushikiliwa na kitanzi cha mwisho tu. Kilicho nje kinaweza kufumuliwa bila kugusa cha ndani. Pamba ya krimu itadumu miaka mingi, nayo dhahabu huchoka baada ya michache. Kwa hiyo ameiweka mahali inapoweza kuondoka. Vitambaa vyake vya zamani vimeshavaa taraza nne au tano, na krimu ni ileile aliyoifuma kabla sijazaliwa.

Desemba iliyopita nilimkuta na rundo la vitambaa miguuni, akifumua taraza zilizofifia. Macho yake hayaoni vizuri tena ile ncha ya fundo.

"Mwanangu, hebu nitafutie," alisema.

Nikaitafuta, nikaikata, nikavuta. Akachukua bunda jipya, akatoka nalo mpaka mlangoni, akalishika juani.