Mtumwa Mjanja wa Plautus na Bei ya Uhuru

Tamthilia ya *Pseudolus* ya Plautus ilichezwa Roma mwaka 191 K.K., hekalu la Mama Mkuu wa Miungu lilipowekwa wakfu. Miaka zaidi ya 2,100 baadaye, yaani 1962, Burt Shevelove na Larry Gelbart waliichanganya na futuhi nyingine za Plautus, Stephen Sondheim akatunga nyimbo, ikazaliwa *A Funny Thing Happened on the Way to the Forum*. Ilichezwa New York mara 964, na mwaka 1966 Richard Lester akaitolea filamu. Yafaa tujiulize: ni nini kilichobadilika njiani?

Kwa upande wa fani, mengi yamebaki. Yumo kijana ampendaye msichana aliye mikononi mwa kuwadi. Yumo askari mwenye majivuno aliyekwisha kumnunua. Na katikati yao yumo mtumwa mwenye akili kuliko mabwana wote.

Tofauti kubwa imo katika dhamira. Pseudolus wa Plautus hagombei uhuru. Humlaghai mjumbe wa askari, humtoa msichana kwa kuwadi, humshinda bwana wake Simo dau la mina 20, kisha huja amelewa chakari. Kesho yake ni mtumwa vile vile. Mabwana waliokuwa wakitazama waliweza kucheka bila hofu, maana ushindi huo ulikuwa wa sikukuu tu. Pseudolus wa New York, aliyeigizwa na Zero Mostel jukwaani na katika filamu, hupatana kwanza na bwana wake mdogo: nikupatie msichana, nawe uniache huru. Tangu hapo kila uwongo unaokaribia kufichuka unahatarisha uhuru wake, na kicheko chetu kina uzito.

Hata hivyo, mageuzi hayo yaliishia nusu ya njia. Mwishoni Pseudolus huachwa huru, na juu ya uhuru huo hupewa Gymnasia, mmoja wa wanawake wa kuwadi. Aliyekuwa mali ya mtu, sasa naye anapokea mtu kama zawadi. Waandishi waliisikia kiu ya mtumwa mwanamume. Wanawake waliwaacha wawe pambo la jukwaa.

Mwalimu atakayeiandaa futuhi hii na wanafunzi wake asitosheke na kicheko. Awaulize pia: Gymnasia naye angependa nini?