Filme yenye ilisimama mapema

Bandugu, When We Were Kings ni filme nzuri, tena inatuhusu, njo maana naikosoa. Leon Gast alipiga picha zake Kinshasa mwaka 1974, akakaa nazo zaidi ya miaka 20, filme ikatoka 1996 na kupata Oscar mwaka uliofuata. Ukiiangalia leo kwenye simu yako Kolwezi, bado inakusimamisha kwenye kiti. Shida yangu ni pahali inapokatika.

Tukumbuke Ali alifika Kinshasa na hali gani. Alikuwa na miaka 32, Foreman 25. Frazier alikuwa amemshinda Ali 1971, Norton akamvunja taya 1973. Na hao wawili, Frazier na Norton, Foreman aliwamaliza kila mmoja katika raundi ya pili. Kwa hiyo Ali alikuwa kwenye njia panda kabisa: aache, ao aende kupigwa na kijana mbele ya dunia nzima kwa dola milioni 5. (Kila mmoja alipata hizo, kutoka kwa serikali ya Mobutu iliyokuwa inaishi kwa shaba ya Gécamines, ya huku kwetu. Tuache hiyo kwa siku ingine.)

Miguu ilikuwa haikimbii tena kama zamani. Akaegemea kamba, akakubali ngumi kwenye mikono na mbavu, akangoja kijana achoke. Raundi ya 8, Foreman chini. Filme inatuonyesha hiyo kama akili ya mtu mzima kushinda nguvu ya kijana, na ni kweli. Lakini ngumi zilizopokelewa hazikupotea hewani. Tena ile mbinu ilimfundisha Ali kitu kibaya: kwamba anaweza kuzeeka ulingoni paka akijua kuvumilia.

Hapa Mutoshi tunaelewa hiyo haraka kuliko Norman Mailer na George Plimpton, wenye wanasimulia sehemu kubwa ya filme. Ba creuseur wenye umri wanaendelea kushuka shimoni, si juu ya nguvu, nguvu ilishaisha. Ni juu wanajua mwamba. Kijana anachimba haraka, mzee anasikiliza kwanza udongo. Ujuzi unamlinda, na ni huo huo unamfanya asiache.

Sisemi umri ni nambari tu. Ilunga Makabu wetu alichukua mkanda wa WBC Kinshasa mwaka 2020, akaupoteza Februari 2023 kule Saudi Arabia akiwa na miaka 35, na aliyemshinda, Badou Jack, alikuwa na 39! Foreman naye aliacha 1977, akapumzika miaka 10, akarudi, na 1994 akawa bingwa akiwa na miaka 45. Hiyo ilikuwa miaka miwili mbele ya filme kutoka, lakini Foreman wa Gast anabaki tu yule kijana wa kukunja uso. Mimi naona hiyo si haki.

Ali hakupumzika. Manila, 1975, raundi 14. Oktoba 1980, akiwa na miaka 38, Larry Holmes, aliyekuwa zamani mwenzake wa mazoezi, alimpiga mpaka Angelo Dundee akasimamisha baada ya raundi ya 10. Akarudi tena Desemba 1981, akapoteza kwa Berbick. Mwaka 1984 madaktari wakatangaza ugonjwa wa kutetemeka.

Daktari wake, Ferdie Pacheco, alikuwa kwenye kona yake Kinshasa. Baada ya pambano na Shavers mwaka 1977, aliona majibu ya vipimo vya figo, akaandika barua kwa Ali na watu wake wa karibu kuwaambia inatosha. Kwa kusimulia kwake, hakuna aliyemjibu, na akaondoka. Hiyo barua njo ningependa kuiona kwenye filme, hata kwa dakika mbili.