Karisi si pambo la sikukuu

Kwenye sikukuu zetu za mjini, vijana wa asili ya Masisi na Walikale wanapanda jukwaani na ngozi na manyoya, wanacheza dakika tano, watu wanapiga makofi, kisha mkubwa anachukua mikro. Jioni tunasema: tumeinua mila. Sisi tunaona hapana. Tumeipamba tu.

Tuchukue karisi, ile hadithi ndefu ya Mwindo. Mwaka 1956, huko Unyanga, mzee Candi Rureke aliisimulia siku 12, Biebuyck na vijana Wanyanga wakiiandika. Mmoja wao, Kahombo Mateene, ndiye aliyeitoa pamoja na Biebuyck mwaka 1969, kule California. Rureke aliimba, akasema, akacheza, njuga miguuni na kibuyu cha mbegu mkononi, vijana wakipiga fimbo na kumwitikia. Kweli, hata yeye hakuzoea kuitoa yote mfululizo. Kawaida kipande kimoja kilitosha. Basi ubaya wa jukwaa letu si ufupi. Ubaya ni kwamba neno limetoka, imebaki miguu.

Watu wengine walio mbali na kwao wanafanya namna gani? Wahindi wa kusini walioko Marekani walianza mwaka 1978, katika mji wa Cleveland, siku kuu ya kumkumbuka Thyagaraja, mtunzi aliyekufa mwaka 1847. Ingali inafanyika kila mwaka. Watoto waliozaliwa kule wanashindana kwa kuimba, na wakubwa kwa wadogo wanaimba pamoja nyimbo zake tano kubwa. Lakini tuangalie vizuri: siku kuu ile ni mavuno, shamba liko nyumbani kwa mwalimu. Mtoto anaanza na sauti saba, anazipanda na kuzishuka, mkono ukihesabu mapigo pajani, miaka na miaka. Jukwaa linakuja nyuma. Sisi tumeanza na jukwaa.

Hatusemi yao haina kasoro. Nyimbo zile nyingi ni za Kitelugu, na mtoto anaweza kuziimba sawasawa bila kujua zinasema nini. Mashindano nayo yanaweza kugeuza ibada kuwa mbio za zawadi. Tusiige hapo.

Kwetu jambo linabana zaidi. Tangu vita vya 1993 watu wa Masisi na Walikale wanakimbia, wanarudi, wanakimbia tena. Mwanzoni mwa 2025 hata kambi za kando ya Goma zilivunjwa. Mtoto anayekulia Goma ao Nakivale anasema Kiswahili, Kinyanga ao Kihunde anakisikia kwa bibi tu. Bibi akienda, nani atamwitikia msimulizi? Na msimulizi bila waitikiaji ni mtu anayeongea peke yake.

Kwa hiyo tunaomba vyama vyetu vitu vitatu. Kwanza, pesa ya nguo za jukwaani igawanywe: nusu impe mzee anayejua, afundishe kila juma. Pili, hadithi isemwe kwa Kiswahili ili mtoto aelewe, lakini nyimbo zibaki katika lugha yake, na kila neno lielezwe. Tatu, asipande jukwaani asiyeweza kuitikia wimbo mmoja mzima.

Hapo dakika tano zitatosha, juu ya nyuma yake kutakuwa na mwaka mzima wa kujifunza.