Koo Moja, Ukoo Mzima: Uhakiki wa The House of Atreus

Albamu mbili za The House of Atreus (1999 na 2000), za kundi la hevi metali la Marekani Virgin Steele, zimejengwa juu ya Oresteia, tanzia tatu za Aeschylus zilizoigizwa Athens mwaka 458 KK. Klytaimnestra anamuua mumewe, Agamemnon, aliyemtoa binti yao kafara; Orestes naye anamuua mama yake kulipiza kisasi cha baba.

David DeFeis ndiye anayewaimba wahusika wote. Mwanamume kuchukua nafasi ya Klytaimnestra si kasoro, kwani hata Athens waigizaji walikuwa wanaume waliovaa vinyago. Isitoshe, uamuzi huo una tija kifani: muuaji na mlipiza kisasi wanapotoka katika koo moja, msikilizaji huihisi laana ikirithiwa ndani ya ukoo.

Hata hivyo, Aeschylus hakuishia kwenye laana. Alikikabidhi kisasi kwa baraza la raia, ambako kura zinalingana na Orestes anaachiwa huru. Hukumu hiyo hupata uzito kwa kuwa imetokana na wengi wanaopingana. Sauti moja, hata ikiwa na uwezo mkubwa, haiwezi kuwa baraza. Kwa hiyo, albamu hizi zimefaulu zaidi kuisawiri damu kuliko haki.