Mikono ya Manda

Nawapongeza kina mama wa Kisiwa Panza, na wenzao wa Pemba nzima, wanaotukunjia sambusa za futari. Sifa kubwa naitoa kwa manda, yaani ngozi nyembamba za unga za kufungia sambusa. Unga hukandwa kwa maji na chumvi, madonge husukumwa, hupakwa mafuta na kunyunyizwa unga, hupangwa moja juu ya jingine, kisha husukumwa tena kwa pamoja. Hubabuliwa kidogo tu juu ya chuma, na hapo ndipo fundi hujulikana: huzibandua tabaka kwa vidole zingali za moto, asichane hata moja. Hukata vipande virefu, hukunja pembe tatu, hujaza samaki aliyechambuliwa au nyama yenye kitunguu, thomu na pilipili manga, akafunga kwa uji mzito wa unga. Pembe ikibaki wazi, mafuta huingia wakati wa kukaanga na kazi yote imeharibika.

Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, baadaye aliisimulia sambusa ya Delhi, yenye nyama, lozi na pista. Wachina nao wana jiaozi, vifurushi vya unga vilivyojazwa, ambavyo aghalabu huchemshwa. Mimi nachagua ya Panza, ingali inafuka moshi, ndimu ikamuliwe papo hapo.