Kifaa Kilichosifiwa Kabla ya Kuonekana

Wahenga walisema: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii twaijua tangu utoto, na mara nyingi ni ya kweli. Lakini leo twataka kupima habari ya kitu kimoja kilichotengenezwa vema, kikatembezwa kwa sifa kubwa duniani kote, na mwishowe kisipate wanunuzi. Kitu hicho ni Segway ya Marekani. Hatutasema sana juu ya vyuma vyake. Twataka hasa kuyapima maneno yaliyotumika kukitangaza, kwa kuwa maneno ya namna hiyo yanatufikia sisi pia kila siku, katika redio, katika mabango ya njiani, na katika simu za vijana wetu.

Tuanze na mashini yenyewe. Ni ubao mdogo wa kusimamia, wenye magurudumu mawili, moja kuume na moja kushoto, na fimbo ndefu ya kushikia. Ndani mna betri na mota za umeme, na vyombo vidogo vinavyopima kila mara namna mwili wa mtu unavyoelemea. Ukiinama kidogo mbele, yaenda mbele. Ukijirudisha nyuma, yasimama. Mwendo wake ulifika kilometa 20 kwa saa. Aliyeibuni ni Dean Kamen, fundi wa New Hampshire, ambaye kwanza alitengeneza kiti cha magurudumu kinachoweza kupanda ngazi, kwa ajili ya watu wasioweza kutembea. Elimu ya kiti kile ndiyo iliyozaa Segway. Kwa ufundi, basi, hatuna la kumlaumu, twamvulia kofia.

Sasa tazameni majina. Katika karakana mashini hiyo iliitwa Ginger, jina la siri, kwa kumkumbuka mcheza dansi Ginger Rogers. Mwezi wa Januari 2001 siri ilivuja, kwa sababu ya mpango wa kitabu kilichokuwa kikiandikwa juu ya kazi hiyo. Magazeti yakakiita kitu hicho "IT", maana yake "Hicho", basi. Hakuna aliyeambiwa ni kitu gani, lakini sifa za wakubwa zilienea. Ilisemekana kwamba Steve Jobs wa Apple aliona miji itajengwa kwa kukifuata kitu hicho, na kwamba tajiri John Doerr alidhani huenda kikaipita intaneti. Watu wakakisia mchana na usiku, hata wengine wakawaza chombo cha kuruka angani.

Jina lisilosema kitu ni kama kikapu kitupu: kila mtu hutia humo ndoto yake mwenyewe. Na siku ya kukifunua kikapu, nani ataridhika? Tarehe 3 Desemba 2001 pazia lilifunguliwa katika televisheni, mjini New York. Waliongoja ajabu ya karne wakaona mtu amesimama juu ya ubao wenye magurudumu mawili. Wengi wakasema: Kumbe ni hicho tu!

Tuwe wenye haki. Siri haikuvuja kwa mapenzi ya Kamen, naye alionya mapema kwamba makisio ya watu yamepita kiasi. Lakini kisha yeye mwenyewe alilieleza gazeti la Time kwamba Segway italifanyia gari kama gari lilivyoufanyia mkokoteni wa farasi. Hapo hawezi kuwalaumu waandishi wa habari. Aliyeutangaza moto kuwa mkubwa asishangae watu wakija na sufuria kubwa.

Jina la mwisho, Segway, lilichaguliwa vizuri: latoka katika neno la wanamuziki, lenye maana ya kupita kutoka wimbo mmoja hadi mwingine pasipo kukatiza. Ni jina la kitu kinachoteleza. Lakini waliongeza maneno mengine: "Human Transporter", yaani Msafirishaji wa Mtu. Mtu yupi? Kutoka wapi kwenda wapi? Neno hilo halijibu. Nasi twaona kwamba hapo ndipo penye kosa lenyewe: matangazo yalianza na sifa, hayakuanza na haja.

Hesabu zaonyesha hivyo. Kiwanda cha Bedford, New Hampshire, kiliandaliwa kiweze kutoa mashini 40,000 kwa mwezi. Mwishoni mwa mwaka 2002 watu wa kawaida waliweza kuinunua kwa Amazon, kwa bei ya karibu dola 5,000. Kwa fedha hizo mtu aweza kupata pikipiki, na baisikeli juu yake. Mwezi wa Septemba 2006, kampuni ilipoziita mashini zote ilizokwisha kuuza ili zirekebishwe, kwa kuwa ziliweza kumwangusha mtu, zilikuwa kama 23,500 tu. Mauzo ya miaka mingi hayakufikia kazi ya mwezi mmoja iliyowazwa! Mwaka 2015 kampuni ilinunuliwa na Ninebot ya China, na mwaka 2020 mashini ile ya kwanza ikaachwa kutengenezwa.

Tena, matangazo yalisema na mnunuzi, hayakusema na mpita njia. Mashini yenye uzito wa kilo 38 hivi, na mtu juu yake, ipite wapi? Kati ya magari ni dhaifu. Kati ya watembea kwa miguu ni nzito na ya haraka. Kampuni ilikwenda kwa watunga sheria wa majimbo mengi kuomba ruhusa ya njia za miguu, lakini mji wa San Francisco uliikataza huko tangu mwaka 2002, kabla haijaenea. Wazee na vipofu walikuwa na haki ya kuulizwa. Somo hili halikushikwa upesi. Tarehe 2 Aprili 2023 wenyeji wa Paris waliojitokeza kupiga kura, ingawa walikuwa wachache, karibu tisa katika kila kumi walizikataa skuta za umeme za kukodisha, zilizokuwa zikitupwa ovyo njiani.

Je, Segway haikumfaa mtu? Iliwafaa wengi. Polisi wa viwanja vya ndege waliitumia, na waongoza watalii, na watu wenye miguu dhaifu walioshindwa kutembea mbali. Hao walikuwa na haja ya kweli. Kama wangetajwa tangu mwanzo, mashini ingeitwa msaada mwema, wala hakuna ambaye angeicheka. Walipoahidi kugeuza miji yote, hata wema wake mdogo ukaonekana kuwa aibu. Sifa ilikiharibu kitu chema.

Wasomaji wa Kivu wataelewa upesi wakiikumbuka chukudu ya Goma. Ni ya mbao, na magurudumu yake yamevikwa mpira wa matairi ya zamani. Mwenyewe huweka goti moja juu yake na kusukuma kwa mguu mwingine. Hakuna aliyeificha wala kuisifu katika televisheni. Iliitwa na haja: viazi, makaa na mbao vifike sokoni. Ikichongwa vibaya, mwenye mzigo humwambia fundi kesho yake. Leo sanamu yake imesimama mjini. Hatusemi kwamba chukudu yaipita Segway kwa ufundi, wala hatutaki vijana wetu wasukume mizigo milele. Mashini za umeme zaja kwetu pia, na nyingine zitatufaa sana. Twasema tu kwamba chukudu ilijua ni ya nani na ya kazi gani.

Kwa hiyo, kijana anayeonyeshwa picha ya kifaa kipya kinachong'aa, na baba anayeombwa fedha ya kukinunua, wajiulize maneno matatu kabla ya kufungua mfuko. Kitaondoa taabu gani katika nyumba yetu? Kitapita wapi, na jirani atapata hasara gani? Kikivunjika, nani karibu nasi aweza kukitengeneza, na kwa bei gani? Tangazo lisipojibu hata moja, heri kungoja. Nao wauzaji wetu, wadogo kwa wakubwa, wakiseme kitu kwa kadiri yake, kwa maana mnunuzi aliyedanganywa kwa sifa harudi dukani mara ya pili, na maskini hana fedha nyingine ya kujaribia.